Mashabiki kama Wahakiki: Swali la Utanzu katika Albamu za Talking Heads

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa fasihi tumezoea kumzungumzia msomaji kana kwamba ni mtu aliyeketi peke yake na kitabu chake, asiyebishana na yeyote. Hata nadharia ya upokezi, ambayo Hans Robert Jauss aliiwekea msingi katika mhadhara wake wa mwaka 1967 kule Konstanz, ingawa ilimrudishia msomaji hadhi aliyokuwa amenyimwa, haikumfikisha barazani. Msomaji wa Jauss ana upeo wa matarajio anaoshirikiana na watu wa wakati wake, lakini ni nadra tumsikie akibishana nao. Makala haya yanakusudia kumtazama mpokezi wa aina nyingine, yaani shabiki wa muziki: mtu anayezirudia kazi zile zile miaka nenda miaka rudi, anayezijua kwa mfuatano wake, na ambaye hukumu yake haikamiliki mpaka aitetee mbele ya shabiki mwenziwe.

Mfano tulioteua ni bendi ya Talking Heads, iliyoanza kupiga muziki mjini New York mwaka 1975 na ambayo kuvunjika kwake kulitangazwa mwaka 1991. Tumeiteua kwa kuwa jina lake lilibaki lile lile juu ya jalada ilhali muziki uliokuwamo ulibadili utanzu takriban kila albamu, hata mashabiki wakalazimika kuuliza swali ambalo sisi wahakiki aghalabu hulikwepa: utanzu wa kazi ni mali ya nani? Ni wa mtunzi aliyeitunga, wa msikilizaji aliyeipokea, au wa jamii ambayo kaida zake zimetumiwa? Dai letu ni kwamba mashabiki wa bendi hii ni wahakiki hodari wa fani, pengine hodari kuliko wengi wetu. Lakini wanapofikia kuueleza mchanganyiko wa tanzu hutumia hesabu mbovu, na ubovu wa hesabu hiyo humnyima mtu jina lake.

Huenda msomaji akashangaa bendi ya roki ya Marekani imefuata nini katika jarida la uhakiki wa fasihi. Jibu la kwanza ni kwamba kazi muhimu zaidi za kundi hili na za washirika wake zilitungwa zikiambatana na orodha ya vitabu, na mojawapo ilibeba jina la riwaya ya Kiafrika. Jibu la pili ni kwamba ugomvi wenyewe si mgeni kwetu. Aliyeufuatilia mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 atazitambua hoja nyingi, ingawa vyombo ni gita na besi.

Milango ya Kuingilia

Albamu ya kwanza, Talking Heads: 77, ilikuwa kazi ya watu wanne: David Byrne aliyeimba na kupiga gita, Tina Weymouth wa besi, Chris Frantz wa ngoma, na Jerry Harrison wa gita na kinanda. Walilelewa kimuziki katika klabu ya CBGB, iliyokuwa kitovu cha panki ya New York, lakini hawakuvaa wala kupiga kama wanapanki. Muziki wao ulikuwa mkavu, wa kukatikakatika, na sauti ya Byrne ilikuwa ya mtu anayejitahidi kuonekana mtulivu na kushindwa. Mwaka 1978 walimpata Brian Eno, Mwingereza, akawa mtayarishaji wa albamu yao ya pili, ambamo waliuimba upya wimbo wa Al Green. Ya tatu, Fear of Music ya mwaka 1979, inafunguliwa na wimbo ambao maneno yake yametokana na shairi lisilo na maana la Hugo Ball, mshairi wa kundi la Dada la Zurich, ilhali midundo yake tayari inaelekea Afrika Magharibi. Kisha ikaja Remain in Light, mnamo Oktoba 1980.

Hii ndiyo albamu iliyoleta mtafaruku. Walikwenda Nassau katika visiwa vya Bahamas bila nyimbo mkononi. Walipiga vipande vifupi kwa muda mrefu, wakachagua vilivyowapendeza, wakajifunza kuvirudia kama mashine, kisha wakavipanga tabaka juu ya tabaka. Nyimbo nyingi hazihami kutoka kodi moja hadi nyingine kama roki ifanyavyo. Hukaa pale pale, na mabadiliko hupatikana kwa kuingiza na kutoa vyombo kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Maneno yalikuja mwisho, na mengine yaliigiza namna ya wahubiri wa redio wa Marekani. Jukwaani, watu wanne hawakutosha tena. Bendi ilipanuliwa, wakaongezwa wanamuziki Weusi wa Marekani, miongoni mwao Bernie Worrell aliyekuwa amejenga jina lake katika fanki ya Parliament na Funkadelic.

Sasa, mashabiki wa bendi hii hugawanyika kwa mlango alioingilia kila mmoja wao. Aliyeingilia albamu ya kwanza huona kwamba mwaka 1980 bendi aliyoipenda ilimezwa na kundi kubwa la wapigaji wa kuazimwa na matakwa ya mtayarishaji. Aliyeingilia Remain in Light huziona albamu tatu za mwanzo kama mazoezi. Wapo walioingilia filamu ya Stop Making Sense, iliyoongozwa na Jonathan Demme na kutolewa mwaka 1984, na kwao bendi ni tukio la jukwaani kwanza, santuri baadaye. Na wapo walioingilia Little Creatures ya mwaka 1985, yenye nyimbo nyepesi zaidi, ambao huambiwa na wenzao kwamba wameingilia mlango wa nyuma. Kila mmoja huigeuza kazi aliyoisikia kwanza kuwa kanuni, na nyingine zote zikawa ama maandalizi ama ukiushi.

Jambo hili linaikamilisha nadharia ya Jauss mahali ilipopungua. Upeo wa matarajio hauwekwi na zama peke yake; huwekwa pia na mfuatano wa kukutana na kazi, ambao mara nyingi haulingani na mfuatano wa kutungwa kwake. Sisi tunalijua hili kwa tajriba ya darasani. Msomaji aliyelelewa na Sheria za Kutunga Mashairi ya K. Amri Abedi (1954), kisha akakutana na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), aliona vina vimeibwa. Mwanafunzi aliyefundishwa shairi huru kabla ya tarbia huiona tarbia kama shairi lililofungwa kamba. Maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni mlango, na mjadala mzima wa wanamapokeo na wanamabadiliko ungepungua ukali endapo kila upande ungetangulia kutaja ni mlango gani ulioingilia.

Usikivu wa Mashabiki

Tusiwadharau watu hawa kwa sababu wanapenda. Katika vyuo tumefundishwa kuuonea haya upendo wa kazi, kana kwamba ni kasoro ya kitaaluma, ilhali ni upendo huo unaomfanya shabiki asikilize wimbo mmoja mara mia mbili na kuona asichokiona mpitaji. Shabiki wa Remain in Light anaweza kukueleza mahali besi ya Weymouth inapoacha pengo, na chombo gani kinachojaza pengo hilo. Anaweza kukuonyesha kwamba hakuna sehemu hata moja ambayo ikitolewa peke yake inatosha kuitwa wimbo, na kwamba kinachoitwa wimbo ni jinsi sehemu hizo zinavyosubiriana. Anajua ni wapi viitikio viwili vyenye maneno tofauti vinapandana bila kugongana. Huu ni uchambuzi wa fani kwa maana kamili ya neno.

Tuulinganishe na desturi yetu. Kiasi kikubwa cha uhakiki uliofanyiwa taarab kimeandikwa kwa kutegemea maneno ya wimbo yaliyonakiliwa karatasini, bila neno lolote juu ya fidla, ganuni, au mahali mwimbaji aliporefusha silabi hadi hadhira ikainuka kumtunza. Mhakiki amesoma beti akadhani amesikia wimbo. Shabiki wa roki, asiye na shahada, asingefanya hivyo.

Upo mfano mmoja ambao mashabiki hupenda kuutaja, nao unamgusa mhakiki moja kwa moja. Imesimuliwa kwamba wimbo wa mwisho wa Remain in Light, wenye mwendo mzito na giza, ulikuwa jaribio la kuiiga bendi ya Kiingereza ya Joy Division, ilhali hakuna katika kundi aliyekuwa ameisikia bendi hiyo. Walikuwa wamesoma tu maelezo ya wahakiki katika magazeti ya muziki. Kama ndivyo, basi hapa uhakiki umekuwa matini asilia na wimbo umekuwa fasiri yake. Wananadharia wa mwingilianomatini wamezoea kutuonyesha kazi inayotoka katika kazi. Kazi iliyotoka katika uhakiki wa kazi ambayo mtunzi hakuisikia ni jambo jingine, na mashabiki ndio walioliweka hai kwa kusimuliana.

Stanley Fish, katika kitabu chake cha mwaka ule ule wa 1980, alidai kwamba maana hutokana na jumuiya za wafasiri na si maandishi peke yake. Mashabiki wa Talking Heads ni jumuiya ya namna hiyo, yenye istilahi zake, mifano yake inayokubalika, na makosa yake ya pamoja. Ni kwenye makosa hayo tunapotaka kukaa.

Hesabu ya Mchanganyiko

Shabiki akiulizwa Remain in Light ni muziki wa utanzu gani, aghalabu hujibu kwa kujumlisha: ni roki, ongeza fanki, ongeza midundo ya Afrika, ongeza mitambo ya Eno. Mabishano hufuata juu ya vipimo: fanki imezidi, roki imepungua, Afrika imetiwa kiasi gani. Katika hesabu hii kila kiambato huchukuliwa kuwa kitu kimoja, kizima, kilichokuwako kikisubiri kuchanganywa. Na anayepewa sifa ni yule aliyeshika mwiko.

Tuchukue kiambato kinachoitwa Afrika. Eno amesimulia jinsi alivyomsikilizisha Byrne rekodi za Fela Kuti, hususan Afrodisiac ya mwaka 1973, na kwamba walivutiwa mno. Lakini muziki wa Fela ulikuwa nini? Fela alikwenda London mwaka 1958 akasomea muziki katika chuo cha Trinity. Akaunda kundi lililopiga hailaifu na jazi. Mwaka 1969 alisafiri Marekani, akakaa Los Angeles, akakutana na siasa za Weusi wa huko. Aliporudi Lagos alikuwa akijenga muziki ambao ndani yake mlikuwa na jazi, hailaifu, fanki ya aina ya James Brown, na midundo ya Kiyoruba iliyopitia mikononi mwa mpiga ngoma wake, Tony Allen. James Brown naye alizuru Nigeria mwaka 1970. Kwa hiyo kile ambacho shabiki hukiita kiambato cha Kiafrika kilikuwa tayari ni albamu ya majaribio, iliyotungwa na mtu mwenye nadharia yake juu ya mchanganyiko, miaka saba kabla ya Nassau. Na Bernie Worrell alipopanda jukwaani na Talking Heads, fanki ilikuwa inaungana tena na jamaa yake aliyezaliwa Lagos. Picha ya chungu na viambato haiwezi kueleza safari ya namna hii. Ni afadhali tuseme bendi ya New York ilijiunga na mazungumzo yaliyokuwa yameanza zamani, na ikayachangia vizuri.

Lugha ina sehemu yake katika kosa hili. Tunapomwita Byrne mwanamajaribio na Fela chimbuko, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza. Chimbuko halijaribu kitu, hububujika tu. Wahakiki wa Kiswahili wanapaswa kuiogopa istilahi hii, kwa sababu nasi tumeitumia kwa watu wetu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zilipotoka, tulibishana kama ni riwaya au la, na wengi wetu tulipotafuta asili ya ukiushi wake tulikimbilia Ulaya, kwa wanaudhanaishi na wanausasabaadaye. Visasili na ngano zilizomo ndani yake tuliziita malighafi. Hatukufikiria kwamba ngano yenyewe, inayochanganya wimbo, kitendawili na masimulizi bila kuomba radhi, huenda ndiyo iliyomfundisha mwandishi kuvunja mipaka.

Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba Byrne hakuficha deni lake. Albamu ilipotoka, maelezo yaliyopelekwa kwa waandishi wa habari yaliambatana na orodha ya vitabu, kikiwamo African Rhythm and African Sensibility cha John Miller Chernoff, kilichochapishwa mwaka 1979. Mwandishi wa tasnifu angempongeza. Chernoff alikuwa amejifunza kupiga ngoma nchini Ghana, na hoja yake kuu ni kwamba katika muziki huo maana haimo katika mdundo wowote mmoja bali katika uhusiano wa midundo, na kwamba uhusiano huo ni mafunzo ya kuishi na watu. Mmoja wa walimu wake alikuwa Ibrahim Abdulai, mpiga ngoma wa Tamale, ambaye Chernoff anamtaja na kumpa nafasi ya kueleza fikra zake mwenyewe. Tazama basi jinsi jina linavyosafiri. Katika kitabu, Ibrahim Abdulai ni mwanafalsafa wa ngoma. Katika orodha ya vitabu, amebaki Chernoff. Katika mazungumzo ya mashabiki, limebaki neno Afrika. Hakuna aliyedanganya mahali popote, na bado mtu amepotea njiani.

Riwaya Isiyosomwa

Mwaka 1981 Byrne na Eno walitoa albamu yao wawili, My Life in the Bush of Ghosts, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imerekodiwa kabla ya Remain in Light, ikacheleweshwa na shughuli za kupata idhini ya sauti zilizotumiwa ndani yake. Hakuna mwimbaji humo kwa maana ya kawaida. Kuna sauti zilizonyofolewa kutoka redio na santuri: wahubiri, mtoa pepo, waimbaji wa Lebanoni, zikapandishwa juu ya midundo. Jina la albamu ni la riwaya ya Amos Tutuola iliyochapishwa mwaka 1954. Byrne ameeleza kwamba walipokuwa wakirekodi hawakuwa wamekisoma kitabu hicho. Jina ndilo lililowavutia.

Mashabiki hulichukulia hili kama kichekesho kidogo. Sisi tunaliona zito. Tutuola ndiye mwandishi wa Kiafrika aliyeumia zaidi kwa kupokewa kama chimbuko. Riwaya yake ya mwaka 1952 iliposifiwa London na Dylan Thomas, sifa zilikuwa za kumshangilia mtu aliyeandika kama aotaye; wasomi wa kwao Nigeria nao wakaona haya kwa sababu ya Kiingereza chake. Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja, kwamba hakujua alichokuwa akifanya. Albamu iliyolitwaa jina la kitabu bila kukifungua iliendeleza upokezi ule ule kwa njia nyingine. Jambo la kusikitisha ni kwamba laiti wangekisoma, wangekuta ufundi wao wenyewe: mtoto anapotelea msituni, na katika kila mji wa mizimu hukutana na sauti, sheria na desturi zilizounganishwa bila daraja. Kuna hata mzimu mwenye televisheni mkononi. Tutuola alikuwa amekwisha kupangilia sauti za dunia mbili katika matini moja miaka ishirini na mitano kabla ya kinasa sauti cha Eno.

Albamu hiyo ilikuwa na kipande kimoja kilichozua jambo ambalo uhakiki wa mashabiki haujalitatua hadi leo. Ndani yake Waislamu wa Algeria walisikika wakisoma Kurani, na kisomo chao kilitiwa juu ya gita na ngoma. Malalamiko yalitoka kwa Waislamu wa Uingereza, na katika matoleo ya baadaye kipande kikaondolewa. Toleo jipya la mwaka 2006 halina kipande hicho. Kwa mashabiki wengi huu ni mkasa wa udhibiti wa sanaa, na mwenye santuri ya kwanza huitunza kama johari.

Kwa msomaji wa mwambao wa Kenya, au kwa yeyote aliyekaa madrasani, suala lina sura nyingine. Tajwidi ina kanuni za sauti, ina urefu na ufupi, ina uzuri unaoweza kumliza msikilizaji. Na pamoja na hayo yote, anayesoma haimbi, na anayesikiliza hasikilizi muziki. Tofauti hii haitokani na masikio. Mtu asiyeijua lugha wala dini anaweza kwa unyofu kabisa kusikia wimbo. Inatokana na wajibu: kuna udhu, kuna heshima ya kunyamaza, kuna mahali na wakati. Hapa ndipo tunapoona kwamba utanzu si kibandiko tu kinachowekwa juu ya kazi iliyokwisha kukamilika. Ni mapatano kati ya watu juu ya jinsi jambo litakavyosemwa na jinsi litakavyosikizwa. Anayechanganya tanzu huyagusa mapatano ya watu wengine, na huenda baadhi yao hawakuulizwa. Hatusemi kwamba mchanganyiko haufai. Ushairi wetu wenyewe usingekuwapo bila mchanganyiko. Twasema kwamba waliolalamika walikuwa wakifanya uhakiki wa utanzu, tena wa kina, na kuwaita wadhibiti tu ni kukataa kuwasoma.

Majina juu ya Jalada

Ugomvi mwingine unaowashughulisha mashabiki wa Remain in Light unahusu umiliki wa utunzi. Albamu ilipotoka, majina ya Byrne na Eno yalitajwa waziwazi kuwa watunzi na wengine wakafunikwa na jina la bendi, ingawa nyimbo zilikuwa zimezaliwa kwa kupiga pamoja. Frantz na Weymouth hawakulikubali, na Frantz amelieleza lalamiko lake katika kitabu cha kumbukumbu zake, Remain in Love, cha mwaka 2020. Mashabiki wamegawanyika kama mahakimu. Wapo wamwonao Eno kuwa mtunzi halisi; hoja hiyo tunaiona dhaifu, kwa sababu albamu nyingi alizotayarisha Eno hazina mdundo huu, na mdundo huu haupatikani bila mikono ya Frantz na Weymouth. Wapo wamteteao Byrne kwa sababu ya maneno. Hoja hiyo nayo ni ya mtu aliyezoea kusoma wimbo karatasini.

Linalostaajabisha ni kwamba ugomvi huu wote umefungwa ndani ya majina matano. Ikiwa tunakubali, kama wanavyokubali mashabiki wa Frantz na Weymouth, kwamba aliyeanzisha namna ya kupiga ni mtunzi hata kama hakuandika maneno, basi mantiki hiyo haina sababu ya kusimama mlangoni mwa studio ya Nassau. Itatoka nje ifike Lagos.

Angélique Kidjo wa Benin amesimulia kwamba alipofika Paris katika miaka ya 1980, akiwa amelihama taifa lake mwaka 1983, aliusikia wimbo wa albamu hii katika sherehe ya wanafunzi akasema huo ni muziki wa Kiafrika. Aliambiwa amekosea: ni roki, na Waafrika hawangeweza kutunga kitu chenye usanii wa kiasi hicho. Tuangalie upeo wa matarajio uliokuwa ukifanya kazi pale. Kidjo hakuwa amesoma maelezo ya jalada wala orodha ya vitabu. Alitambua kwa masikio. Waliomsahihisha walitambua kwa jina la utanzu, na jina likashinda masikio.

Mwaka 2018 Kidjo alitoa albamu nzima ya Remain in Light, wimbo baada ya wimbo kwa mpangilio ule ule, akaongeza viitikio na maneno ya lugha za kwao. Miongoni mwa walioipokea kwa shangwe walikuwa mashabiki wa zamani wa Talking Heads, na Byrne mwenyewe alikuwa amejiunga naye jukwaani mjini New York mwaka 2017. Lakini istilahi iliyotumiwa na wengi ni ile ile: hii ni kazi ya kurudia, ile ni ya asili, au kwa maneno matamu zaidi, Kidjo ameirudisha albamu Afrika. Neno kurudisha ni zuri, ila linadhani kwamba muziki ulikuwa Afrika, ukaondoka, na kipindi chote hicho Afrika ilikaa kimya ikiusubiri. Kidjo, aliyeimba kwa miongo kadhaa akichanganya fanki, jazi, salsa na nyimbo za Wafon, hakuwa amekaa kimya.

Katika nyimbo kadhaa za albamu hiyo ya 2018, anayepiga ngoma ni Tony Allen, aliyefariki mwaka 2020. Mikono ile ile iliyopiga katika Afrodisiac, rekodi aliyosikilizishwa Byrne kabla ya mambo haya yote kuanza. Shabiki anayetaka kubainisha ni ipi kati ya albamu hizo mbili iliyoinukuu nyenzake, itambidi kwanza aseme mdundo ule ni wa nani.